Bandi wa Sinema na Mama Yake

Wamama wenzetu, mara nyingi munatuuliza kama filimu za mabandi zinaharibu watoto. Leo tunapenda kuwaelezea juu ya James Cagney wa Marekani, aliyepata jina kubwa kwa kucheza bandi, kwa sababu maisha yake yanatupa jibu ambalo si rahisi.

Alizaliwa New York mwaka wa 1899, katika familia maskini. Baba yake alifanya kazi ya kuuzisha pombe katika baa, na yeye mwenyewe aliinywa sana. Mwaka wa 1918 gripe kali iliyoua watu dunia nzima ilimuchukua. Mama Carolyn akabaki na vijana wanne, na mimba. James aliacha chuo kikuu, akarudi kusaidia nyumba. Wadogo na wakubwa walisukumwa na mama katika masomo, na wawili kati yao walifika kuwa waganga. Inasimuliwa kwamba James alipotaka kufanya ngumi kuwa kazi yake, mama alimwambia aanze kwa kumupiga yeye kwanza. Ngumi zikaishia pale!

Lakini sikieni na hili. James alikuwa katika timu ya besiboli ya kartye. Siku moja walienda kucheza na wafungwa wa gereza la Sing Sing, na kule akakuta vijana wa barabara yao wamevaa nguo za wafungwa. Miaka kidogo nyuma yake, mmoja wa timu ile ile aliuawa humo gerezani juu ya kiti cha umeme, kwa kosa la kuua mtu. Kartye moja, umaskini mumoja.

Cagney alianza kama muchezaji wa dansi katika tiyatri. Mwaka wa 1931, filimu "The Public Enemy" ilimufanya bandi mbele ya dunia. Humo anasukumia mwanamke pamplemusi usoni, wakiwa mezani asubuhi. Wapenda sinema wanalitaja jambo hilo hadi leo wakicheka. Sisi halituchekeshi.

Filimu tunayotaka muijue ni ya 1938, "Angels with Dirty Faces". Cagney ni Rocky, bandi ambaye vijana wa kartye wanamupenda kuliko padri, ingawa padri huyo alikua pamoja naye. Ile namna yake ya kutikisa mabega, Cagney aliitoa kwa mtu aliyemuona akisimama kwenye kona ya barabara, wakati wa utoto wake. Na vijana wanaiga. Hata kwetu, Kinshasa ya miaka ya 1950, vijana walioitwa Bills walivaa na kutembea kama wachunga ng'ombe wa sinema.

Rocky anahukumiwa kufa. Padri anamuomba neno moja: alie kama mwoga mbele ya kiti cha umeme, ili vijana wasimufuate. Rocky anakataa. Halafu, dakika ya mwisho, analia na kushikilia kwa nguvu. Je, aliogopa kweli, ao alitoa heshima yake kwa ajili ya wale watoto? Filimu haisemi, na Cagney alicheza hivyo makusudi.

Zawadi ya Oscar alikuja kuipata kwa filimu ya nyimbo na dansi, ya 1942. Lakini mwaka wa 1949, katika "White Heat", akarudia ubandi, na safari hii bandi anakaa juu ya magoti ya mama yake, mama ambaye anamutia moyo katika ubandi wake. Mama Carolyn aligeuzwa kichwa chini.

Nyumbani kwake Cagney alikaa na bibi mumoja, Frances, tangu 1922 hadi kifo chake mwaka wa 1986.

Mukiipata ile ya 1938, iangalieni pamoja na vijana wenu hadi mwisho, kisha muwaulize: Rocky aliogopa, ao hapana? Muwaache wabishane.