UCHAMBUZI: Kipimo cha homa ya ini kitangulie tiba ya limfoma

KUFIKISHWA kwa huduma za saratani katika hospitali kuu za Meru na Embu kumewapunguzia wakazi wa eneo hilo adha ya safari za kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Mkulima wa Maua, aliyekuwa akisafiri zaidi ya kilomita 200, sasa anaweza kutibiwa karibu na kwao.

Hata hivyo, ukaribu wa tiba si usalama wa tiba. Kwa mgonjwa wa limfoma, saratani inayotokana na chembe nyeupe za damu, hatari huenda imejificha kwenye ini.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, vikidhibitiwa na kinga ya mwili. Tatizo ni kwamba tiba ya limfoma huidhoofisha kinga hiyo hiyo. Dawa ya rituksimabu huangamiza chembe zinazozalisha kingamwili, nazo steroidi zinazoambatana nayo huzidisha udhaifu. Virusi huamka na kuzaana, na kinga inaporejea, vita hupiganiwa ndani ya ini.

Wahenga walinena kwamba usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

Ndiyo sababu mwaka wa 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali kuhusu jambo hili liandikwe kwenye maelezo ya rituksimabu. Bila dawa ya kukinga, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi wenye virusi hivyo hukabiliwa na hatari ya kuamka kwavyo. Ini likivimba, tiba husimamishwa na saratani hupata mwanya. Wapo wanaofariki kwa ini kufeli ilhali uvimbe ulikuwa ukinywea.

Nchini Kenya, chanjo ya homa ya ini B ilijumuishwa katika chanjo za kawaida za watoto mwaka wa 2001. Waliozaliwa awali hawakunufaika na mpango huo, na limfoma nyingi huwapata watu wazima.

Suluhu ipo, wala si ya kifahari. Mgonjwa apimwe damu kabla ya tiba kuanza, si kwa virusi pekee bali pia kwa alama za maambukizi ya zamani. Anayehitaji kinga hupewa tembe ya tenofoviri kila siku, hadi angalau miezi 12 baada ya rituksimabu kukamilika.

Dawa hiyo si ngeni, kwani imo katika mseto wa ARV. Hivyo, anayeishi na HIV huenda tayari amekingwa, huku asiye na HIV akiingia wodini bila ngao.

Aina ya C haina chanjo, lakini tembe za takriban wiki 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Baadhi ya limfoma zinazokua polepole hunywea virusi hivyo vikiisha.

Afya iligatuliwa mwaka wa 2013. Kwa hivyo, ni jukumu la kaunti za Meru na Embu kuhakikisha vitendanishi havikosekani na kwamba hakuna anayetundikiwa dawa kabla ya majibu kutoka. Kwa familia iliyochangisha fedha kwa harambee, awamu moja ya tiba ikivurugwa na ini ni hasara ambayo kipimo cha damu kingeizuia.