Ngozi ya samaki pekee haitaokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari

WASWAHILI wana jina la kidonda kisichopona: donda ndugu. Jina hilo linafaa mno, kwani kidonda cha aina hiyo humwandama mgonjwa kama jamaa asiyekubali kuaga.

Kwa mgonjwa wa kisukari, donda ndugu aghalabu huanzia mguuni. Huenda likaanza kwa mwiba, jiwe ndani ya kiatu au lengelenge lililosababishwa na viatu vinavyobana. Mgonjwa hahisi maumivu kwa kuwa sukari iliyozidi mwilini kwa miaka mingi imeharibu neva za miguu. Anapokuja kuona usaha kwenye soksi, vijidudu vimekwisha kupenya, nayo mishipa iliyoziba haifikishi damu ya kutosha kuvipiga vita. Wengi hufika hospitalini wakati daktari hana budi kuchukua msumeno.

Tatizo hili si la watu wachache. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilikadiria kuwa watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na maradhi hayo. Wataalamu nao wanakisia kwamba kati ya asilimia 19 na 34 ya wenye kisukari hupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Hata kinapopona, takriban wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kingine katika muda wa mwaka mmoja.

Ndiposa habari za tiba mpya za vidonda hivi hupokelewa kwa shangwe. Tiba hizo hutumia bayomateria, yaani nyenzo zilizotengenezwa ili zikae mwilini au juu ya kidonda na kuusaidia mwili kujijenga upya. Baadhi hutokana na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara wake. Nyingine ni haidrojeli zinazohifadhi unyevu, na nyingine ni ngozi iliyokuzwa maabarani kutokana na chembe hai za binadamu.

Msingi wa tiba hizi si mgeni. Mwaka wa 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha kwa kutumia nguruwe kuwa kidonda kinachohifadhiwa katika unyevu hufunikwa na ngozi mpya upesi kuliko kile kinachoachwa kikauke. Baadaye ikabainika kuwa donda ndugu lina kasoro nyingine: vimeng'enya vyake hula nyama changa mara tu inapoota. Ni kama fundi anayejenga ukuta mchana, usiku mwenzake akaubomoa. Bayomateria hulenga kumzuia huyo mbomoaji, au kumpa fundi jukwaa imara la kusimamia.

Je, zinafaa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, wagonjwa 240 katika mataifa matano ya Ulaya walifungwa ama bandeji ya kawaida, ama bandeji yenye kemikali ya sukrosi oktasalfeti ambayo hupunguza makali ya vimeng'enya hivyo. Baada ya wiki 20, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 48 ya waliopewa bandeji yenye dawa, ikilinganishwa na asilimia 30 ya wenzao. Mwaka wa 2024, utafiti kuhusu ngozi ya samaki aina ya chewa wa bahari ya Atlantiki, inayotayarishwa na kampuni ya Kerecis kutoka Iceland, ulionyesha kuwa asilimia 44 walipona katika wiki 16, huku waliopata huduma ya kawaida wakiwa asilimia 26.

Hizo ni hatua za kutia moyo. Hata hivyo, msomaji makini atagundua kuwa hata kwa tiba mpya, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa bado hawajapona muda wa utafiti ulipokamilika.

Isitoshe, si kila kinachoitwa tiba ya kisasa kimethibitishwa. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari (IWGDF), katika mwongozo wake wa 2023, lilishauri kwamba bandeji za kolajeni, dawa za kupaka za kuua viini na hata asali, ambayo wengi wetu tunaiamini, zisitumiwe kuponyesha vidonda hivi. Vibandiko vya ngozi mbadala navyo visiwe tiba ya kila siku. Bandeji ya sukrosi oktasalfeti iliruhusiwa, lakini kwa vidonda vinavyokaidi huduma bora ya kawaida.

Marekani imejifunza somo hili kwa gharama kubwa. Matumizi ya bima ya serikali ya wazee, Medicare, kwa ngozi mbadala yalipanda kutoka dola milioni 256 mwaka wa 2019 hadi zaidi ya dola bilioni 10 mwaka wa 2024. Watengenezaji walikuwa wakijipangia bei, nayo bima ikilipa. Mwishowe serikali ililazimika kuweka bei moja ya takriban dola 127 kwa kila sentimita mraba kuanzia Januari 2026.

Kenya, ambayo ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kutoka NHIF mnamo Oktoba 2024, haina mabilioni ya kujifunzia makosa kama hayo. Wanaopanga orodha ya huduma zitakazolipiwa wanapaswa kuuliza maswali mawili: tiba hii imethibitishwa kwa utafiti wa haki, na je, mgonjwa amekwisha kupata yale ya msingi?

Ya msingi yanajulikana. Ni kuondoa nyama iliyokufa, kutibu maambukizi mapema, kupima mtiririko wa damu, kudhibiti sukari na kuuondolea mguu uzito kwa plasta maalumu au kiatu kinachofaa. Bila hayo, kibandiko cha maelfu ya pesa hukanyagwa na mgonjwa mwenyewe kila anapopiga hatua kwenda sokoni.

Lililo muhimu zaidi ni uchunguzi. Upo upimaji uliobuniwa mjini Ipswich, Uingereza, usiohitaji kifaa chochote. Mhudumu humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa taratibu kwa ncha ya kidole kwenye vidole vitatu vya kila mguu: cha kwanza, cha tatu na cha tano. Asipohisi viwili au zaidi kati ya vidole hivyo vya miguu yote miwili, miguu yake iko hatarini. Kazi hii inaweza kufanywa na muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijijini kwa dakika chache.

Haimaanishi kuwa tuyape kisogo maendeleo ya sayansi. Viwanda vya samaki kandokando ya Ziwa Victoria hutoa ngozi za mbuta kwa wingi, na watafiti wetu wana kila sababu ya kuchunguza iwapo zinaweza kusafishwa, kuuliwa viini na kujaribiwa kitaalamu. Lakini ngozi ya sokoni isibandikwe kidondani na yeyote kwa kuwa amesikia habari za Iceland.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye kisukari, ufa huo ni lengelenge dogo ambalo hakulihisi. Kaunti itakayohakikisha kuwa miguu ya kila mgonjwa inavuliwa viatu na kutazamwa kila aendapo kliniki itaokoa miguu mingi kuliko itakayokimbilia kununua vibandiko vya bei ghali.