Kunyanyua gari si kuliponya

Hapa Uvira kuna imani inayoshikwa na mafundi, madereva, wenye magari na hata abiria wanaobanana wanne kwenye kiti cha nyuma: kwamba Toyota kuukuu ikishanyanyuliwa, imekuwa gari la barabara zetu. Kwenye magaraji ya pembeni mwa barabara kazi hiyo haimalizi hata nusu siku. Gari linapandishwa jeki, magurudumu yanatolewa, vipande vya chuma au vya mpira wa tairi lililokufa vinapachikwa kwenye springi, na linashuka likiwa limesimama juu. Mwenye gari analizunguka mara moja, anaridhika, analipa. Imani hiyo naipinga yote, na ninachopigania ni watu wanaopandishwa ndani ya gari hilo.

Sikatai kwamba imani hii ina chanzo. Corolla ya miaka ya 1990 ilipotoka kiwandani, tumbo lake lilikuwa takriban sentimita 15 kutoka ardhini, kipimo cha lami ya Japani. Ukilileta gari hilo huku, kila kilomita ni mtihani. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu, ukavunja daraja, ukatandaza mawe ya mlimani hadi katikati ya mji. Ziwa Tanganyika lenyewe limepanda miaka hii, likaingia bandari ya Kalundu na kuzamisha Gatumba ng'ambo ya mpaka wa Burundi. Ukishika njia ya Baraka, kuanzia Kigongo na Makobola barabara imebanwa kati ya mlima na maji, na mvua ikinyesha mlima huteremsha mawe. Ukishika njia ya Bukavu, baada ya Kamanyola unakutana na Ngomo, mlima wa kona na mabonde, na kila shofere anaijua Ngomo. Mtu anayesikia tumbo la gari lake likikwaruzwa na jiwe ana haki ya kutafuta dawa. Ninachosema ni kwamba dawa anayouziwa ni ya uongo.

Tuanze na swali ambalo fundi haulizi: kwa nini gari limekuwa chini? Gari lenye umri wa miaka 25 halikukaa chini kwa sababu Wajapani walilitengeneza vibaya. Springi zake zimebeba mzigo miaka yote hiyo mpaka zikalegea na kufupika. Shokapu zimevuja mafuta, zimebaki mirija mitupu. Bushi za mpira zimepasuka. Halafu gari la watu watano linapakiwa abiria wawili mbele pamoja na shofere, wanne nyuma, mtoto mapajani, na magunia juu ya paa. Hapo ndipo tumbo linagusa mawe. Fundi anayepachika kipande cha chuma hajagusa hata moja ya sababu hizo. Mtu aliyeteguka goti hatibiwi kwa kuvalishwa viatu vya soli nene.

Ubaya hauishii kwenye ugonjwa kubaki palepale, kwa kuwa gari linapewa na ugonjwa mwingine. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda linapokutana na jiwe, na nafasi ya kushuka linapokutana na shimo. Chukua gari ambalo, likiwa limesimama, gurudumu lake lina sentimita 8 za kupanda na 8 za kushuka. Fundi akibana vipande kati ya mizunguko ya springi na kuinua bodi sentimita 5, zile sentimita 8 za kushuka zinabaki 3. Shimo la kina cha kiganja tu linatosha kumaliza nafasi yote. Shokapu inafika mwisho wake na kugonga chuma kwa chuma, gurudumu linaning'inia hewani, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halifuati usukani. Likitua upande wa pili wa shimo, linapiga ukingo kwa nguvu yote. Abiria anasikia mgongoni. Shofere anasema barabara ni mbaya, na ni kweli ni mbaya, lakini kipigo kile kimeongezwa garaji.

Wengine hupachika kipande juu ya shokapu yenyewe, kati yake na bodi, wakidhani wamekwepa tatizo hilo. Magari haya karibu yote yana mguu wa mbele wa aina iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940, springi na shokapu zikiwa nguzo moja inayobeba gari na kuongoza gurudumu. Ukiisukuma nguzo hiyo chini sentimita 5, kila kitu kilichoshikamana nayo kinashuka pamoja nayo. Kardani, zile shafti zinazotoa nguvu kwenye gia hadi magurudumu ya mbele, zinalazimika kuzunguka zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa. Kifuko cha mpira kinachotunza grisi kinakunjika kupita kiasi na kupasuka, vumbi la bonde la Ruzizi linaingia, na baada ya muda unasikia ule mlio wa ka-ka-ka kila gari likikata kona. Rotuli, vile viungo vinavyoliruhusu gurudumu kugeuka, zinafanya kazi zikiwa mwisho wa pembe zake. Mpira wa breki unaoenda gurudumuni unakazwa gurudumu linaposhuka. Na magurudumu hayatazami tena mbele sawasawa: yanaegemea pembeni na kuvutana, tairi jipya linalika upande mmoja kabla halijazeeka. Ukikuta gari lililonyanyuliwa, inama utazame tairi zake za mbele. Zitakueleza habari zote hizi bila fundi.

Hayo ni ya mfuko wa mwenye gari. Ya roho za watu yako Ngomo.

Wahandisi wana hesabu rahisi ya kupima gari linapinduka kirahisi kiasi gani: unachukua upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, unagawanya kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Gari dogo lenye upana wa mita 1.45 na kitovu cha sentimita 53 linapata takriban 1.37. Inua kitovu hicho sentimita 5 na namba inashuka hadi 1.25. Tayari umetoka kwenye daraja la magari madogo ukaingia kwenye daraja la jipu, lakini bila matairi ya jipu na bila fremu yake. Bado hatujapakia magunia juu ya paa. Bado hatujawapandisha vijana wanaokaa juu ya magunia hayo. Shofere aliyezoea gari lake likiwa chini anaingia kona kwa mwendo uleule wa zamani, na upande wa kushoto wake ni bonde.

Kuna kingine ambacho wengi hawakijui, na kwangu mimi hiki pekee kingetosha kukomesha mchezo huu kwenye magari ya abiria. Magari mengi ya mizigo, pamoja na baadhi ya Hiace, yana kifaa kidogo nyuma chenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikishuka, kifaa kinaelewa gari limebeba, kinaziruhusu breki za nyuma zikaze zaidi. Bodi ikiwa juu, kinaelewa gari ni tupu, kinapunguza nguvu ya breki za nyuma ili zisigande na kuliyumbisha gari. Sasa inua bodi kwa vipande vya chuma bila kugusa fimbo ile. Unashuka mlima umejaza watu, na gari lenyewe linaamini ni tupu. Breki za mbele zinabeba karibu kazi yote, zinapata moto, zinaanza kunuka. Abiria wakishasikia harufu hiyo katikati ya mteremko, hakuna fundi wa kuitwa.

Wataniambia: mbona magari ya mashindano yanapita kwenye mawe na matope? Mfano huo ni mzuri, na uko upande wangu. Safari Rally, ile ya Kenya, Uganda na Tanzania ya zamani, ilikuwa shule ya barabara mbaya. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967, alikuwa mkazi wa Tanzania. Peugeot 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Wazee wa Kivu wanaikumbuka 504 kwa jambo lilelile: ilipita. Siri yake ilikuwa magurudumu yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, springi laini, na shokapu zenye nguvu ya kuituliza springi hiyo. Gurudumu lilifuata shimo hadi chini na kurudi, na bodi ikabaki imetulia juu. Anayebana vipande kwenye springi za Corolla anafanya kinyume kabisa: analikaza gari na kulinyang'anya gurudumu njia yake ya kushuka. Anaiga kimo cha 504 na kuitupa kazi yake.

Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wana imani iliyo pacha ya hii: wao hushusha. Sitalikalia sana hilo, maana huku halina mashabiki wengi, ila kosa ni lilelile. Kwenye lami safi, gari lililoshushwa kidogo kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo linashika kona vizuri zaidi, kwa kuwa uzito uko chini. Hilo ni kweli na sitalificha. Lakini wengi wao hukata springi kwa msumeno. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu, haikai tena vizuri kwenye kikombe chake, na gari likirushwa inaweza kuchomoka. Isitoshe, kwenye mguu wa MacPherson ukishusha mno, mikono ya chini inageuka kuelekea juu na bodi inaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo. Gari la namna hiyo litafurahia lami ya Gatumba hadi Bujumbura, kisha livuke mpaka wa Kavimvira liache eksozi yake kwenye jiwe la kwanza.

Wapo wanaosema basi tuweke matairi makubwa. Kutoka 175/70 ya inchi 13 kwenda 185/70 ya inchi 14 unapata sentimita 2 tu chini ya gari, kama gurudumu halitagusa mbawa unapokata kona. Saa ya mwendo nayo inakudanganya: ikionyesha 60, unakimbia 64. Sentimita 2 hizo nazikubali, kwa anayejua alichobadilisha na akaenda taratibu. Ni halali zaidi kuliko vipande vya chuma.

Najua neno la mwisho litakalosemwa: pesa. Patroni, mwenye gari, anangojea hesabu yake kila jioni, na springi mpya ni ghali kuliko vipande vya tairi kuukuu. Lakini jumlisha kardani, rotuli, tairi zilizolika upande mmoja na siku ambazo gari limelala garaji, na uwaulize mashofere hesabu hiyo ikoje kwa mwaka. Tena hakuna anayelazimishwa kufanya yote siku moja. Anayeanza na kidogo aanze na shokapu mbili za nyuma, maana huko ndiko mzigo unakaa. Mwezi mwingine springi, za namba ya gari lake, hata kama zimetoka kwenye gari lingine, mradi hazijalegea na fundi amezipima urefu mbili mbili. Kisha bushi, kisha paralelisimu, yaani kuyanyoosha magurudumu yatazame mbele sawasawa. Akifika hapo gari litakuwa limerudi kwenye kimo chake, na atashangaa ni mawe mangapi lilikuwa linayagusa kwa sababu ya ugonjwa wake lenyewe. Anayetaka juu zaidi ya hapo atafute springi ndefu zilizotengenezwa kwa gari lake pamoja na shokapu zinazolingana nazo, aishie sentimita 2 au 3, na fimbo ya breki irekebishwe siku hiyohiyo. Na kitu cha kwanza kabisa, kisichohitaji hata faranga moja ya fundi, ni kumteremsha yule abiria wa pili wa mbele na kushusha magunia kutoka paani kabla gari halijaondoka mtaa wa Mulongwe.