Akilia Staa Mnasema Kiki, Akifa Mnaposti Mshumaa

Mwezi haupiti mjini hapa bila movie hii. Staa wa Bongo, jina kapuni, anaingia live saa nane usiku. Macho mekundu, sauti inakatika, anasema amechoka, halali, hali, na kila akifumbua macho anatamani kusingekucha. Dakika kumi hazijaisha, skrinishoti zimeshafika kila grupu la WhatsApp. Komenti ni zile zile: "Kiki hiyo, ana ngoma inatoka wiki ijayo." "Kadata huyo, apelekwe Mirembe." "Na hela zote zile bado ana stresi?" Asubuhi meneja anaposti kwamba msanii yuko poa, mashabiki wasiwe na wasiwasi. Mada imefungwa.

Siku mtu huyo akiondoka kweli, ukurasa wake unajaa mishumaa. "Alikuwa mtu wa watu." "Kwa nini hakusema?" Alisema jamani! Alisema live, mkamuita mtu wa kiki.

Na staa ana bahati kidogo, yeye anaonekana. Sasa shuka Kariakoo. Kuna kaka ana fremu Mtaa wa Kongo, mzigo umekwama bandarini, ana mikopo ya kausha damu mitatu, wa kwanza anaulipa kwa wa pili na wa pili kwa wa tatu. Mchana anacheka na wateja, mawinga wanamuita bosi. Usiku anarudi Buguruni anamfokea mkewe kwa sababu ya chumvi. Mtoto wa kidato cha pili ameacha kuongea mezani, na shuleni anashuka tu.

Nyumba hiyo haijakosa ushauri hata siku moja. Baba ameambiwa kijiweni "jikaze, wewe mwanaume". Mama ameambiwa na somo yake avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Mtoto amepelekwa kuombewa mara mbili, na bibi anataka aende kwa mtaalamu Bagamoyo. Watu wote wameongea, na nyumba bado inaungua.

Halafu wanakuja hawa wa suti na maiki. Wanakodi ukumbi, kiti cha kawaida elfu hamsini, VIP laki na nusu. "Amka! Umaskini ni akili! Maumivu ni chaguo lako!" Mwenye sonona anatoka pale akiwa na sonona yake ile ile, na juu yake ameongezewa lawama kwamba kachagua mwenyewe. Mtu akiuza dawa feki Kariakoo, TMDA wanamtafuta. Akiuza maneno feki anaalikwa redioni, tena kipindi cha asubuhi.

Tiba ya mazungumzo ni kitu kingine kabisa, na wengi wanaoicheka hawajui hata inavyofanyika. Ina idadi ya vikao, ina hatua, ina kazi ya kufanya nyumbani. Mfano ni ile inayoitwa tiba ya fikra na tabia, iliyoanzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Mgonjwa anafundishwa kulikamata wazo linalomtafuna. "Mzigo umekwama, mimi ni wa kufeli, familia ingekuwa nafuu bila mimi." Anaandika wazo hilo, analipima na ushahidi alionao, kisha anajaribu hatua ndogo wiki hiyo na kurudi kueleza imekwendaje. Hakuna anayemwambia ajikaze. Anafundishwa namna ya kufikiri akiwa ndani ya shida, maana shida yenyewe inaweza isiondoke kesho.

Ya familia nayo ipo. Baba, mama na mtoto wanakaa chumba kimoja na mtu aliyesomea kazi hiyo. Hatafuti nani mkosaji. Anatazama nani akiongea nani ananyamaza, ugomvi unaanzia wapi, na mtoto anabeba mzigo wa nani.

Hapo ndipo wazee wa komenti wanakuja na hoja yao: "Hayo ya Wazungu. Sisi Waswahili tuna wazee, tuna masomo, tuna masheikh na wachungaji." Sawa, na waendelee kuwepo, wamezuia talaka na visasi vingi. Lakini somo naye ana ndugu zake kwenye ugomvi huo huo, na siri ya kijiweni ikifika saa kumi jioni imeshavuka Jangwani. Mtu anahitaji sehemu moja ambapo akisema la moyoni halitarudi kumchapa.

Na hili la Wazungu lifutwe kabisa. Mwaka 2002, kwenye vijiji vya Rakai na Masaka, Uganda, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo. Vijiji vilivyopata vikundi vililinganishwa na ambavyo havikupata, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, na familia ikamwambia hawakuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza mtu na kumsaidia kupanga tatizo moja moja. Kwa Kishona wanaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Hapa Dar tunasema "ana mawazo". Ugonjwa ni ule ule, ila wao wameuwekea benchi na sisi tumeuwekea utani.

Bado hujaridhika? Njoo nyumbani. Moshi hapa hapa Tanzania, pamoja na Bungoma kule Kenya, watoto yatima 640 waliingia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja, walezi wao wakishirikishwa, na waendeshaji walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walipata nafuu zaidi ya wenzao. Eneo ambalo tofauti haikuonekana ni la vijijini Moshi. Hiyo ndiyo heshima ya tiba iliyopimwa: inakuambia pia pale ilipogoma. Mtu wa ukumbi wa laki na nusu amewahi kutangaza alipogoma?

Hoja moja tu ina uzito, nayo ni hela na muda. Machinga hawezi kuacha meza yake saa nzima kila wiki kwenda kuongea, akirudi atakuta nafasi ina mtu mwingine. Kliniki binafsi za mjini nazo zinatoza bei ya watu wa Masaki. Kweli tupu. Lakini hiyo ni sababu ya kudai huduma, siyo ya kuicheka. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kutoka Fire ni bodaboda ya dakika chache. Mnazi Mmoja ipo pua na mdomo na soko. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kukaa karibu na wafanyabiashara, jioni baada ya kufunga fremu, kwa bei ya sahani ya chipsi. Uganda na Zimbabwe wameshaonyesha kwamba si lazima wote wawe madaktari bingwa. Soko lililoungua Julai 2021, na mtaa ulioangukiwa na ghorofa Novemba 2024 watu wakafukiwa wakiwa hai, ndilo lilipaswa kuwa la kwanza kupewa.

Na sheria iangaliwe. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Maana yake anayeokolewa usiku anaweza kuamka na polisi pembeni ya kitanda. Nani atathubutu kusema? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kama hicho kinapingana na katiba. Wabunge wetu wanaopenda kupiga picha na mastaa waanzie hapo.

Sheria ikisubiriwa, kuna ambacho hakihitaji bunge. Yule staa akirudi live, na atarudi, kidole kisiende kwenye skrinishoti. Aliye na namba yake ampigie, aliye jirani agonge mlango, akae naye hadi kukuche, kisha ampeleke kwa mwenye taaluma. Na yule kaka wa Kongo, ambaye hana wafuasi hata mia tatu, naye apigiwe.

Komenti ziko wazi hapo chini. Wa "kiki" mnakaribishwa, ila anzeni kwa kutuambia mara ya mwisho mlimuuliza nani "unalala?" mkasubiri ajibu.