Vidin: Daraja lipo, watu wako wapi?

Ukifika Vidin, kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, kitu cha kwanza kukuvutia ni ngome ya Baba Vida, kando ya mto Danube. Usidanganywe na jina: kwa Kibulgaria, "baba" ni bibi.

Bibi huyu ameona mengi. Warumi waliishi hapa, mji ukiitwa Bononia. Karne ya 14 Vidin ilikuwa na mfalme wake, Ivan Sratsimir, hadi Waturuki wa Ottoman walipouteka mwaka 1396. Wavamizi wamekuja na kuondoka. Safari hii wanaoondoka ni wenyeji.

Namba zinasemaje?

Sensa ya 2011 ilihesabu watu takriban 101,000 katika mkoa wa Vidin wenye manispaa 11. Sensa ya 2021 ikakuta kama 75,000 tu. Yaani ndani ya miaka 10, robo ya watu haipo tena.

Bulgaria nzima inapungua, kutoka karibu milioni 9 miaka ya 1980 hadi milioni 6.5 mwaka 2021. Ila Vidin inapungua kwa kasi zaidi.

Chanzo ni nini?

Enzi za ukomunisti, Vidin ilikuwa na viwanda, kikiwemo cha matairi. Mfumo huo ulipoanguka mwaka 1989, viwanda vikafuata na ajira zikayeyuka. Mwaka 2007 Bulgaria ikaingia Umoja wa Ulaya, na vijana wakaona mlango wa kutokea.

Vifo navyo vimezidi kuzaliwa. Wenye umri wa kuzaa ndio hao hao waliohama, hivyo hata wasingehama wengine leo, idadi ingeendelea kushuka.

Daraja halikusaidia?

Juni 2013 lilifunguliwa daraja la kuvuka Danube kwenda Calafat, Romania, la pili tu kati ya nchi hizo mbili. La kwanza, la Ruse, ni la 1954. Kabla ya hapo Vidin ilitegemea kivuko.

Malori sasa yanapita kwa wingi. Tatizo ni hilo hilo: yanapita. Lori lisiposhusha mzigo, haliachi ajira. Na barabara ya kwenda Sofia, umbali wa kama kilomita 200, imechelewa miaka mingi kupanuliwa.

Januari 2025 ukaguzi wa Schengen mpakani nao uliondolewa. Kuvuka ni rahisi zaidi, kwa anayekuja na kwa anayeondoka.

Kwa nini inauma?

Shule za Bulgaria hupata pesa kwa kiasi kikubwa kulingana na idadi ya wanafunzi. Watoto wakipungua, bajeti inapungua. Shule ikifungwa, familia iliyobaki nayo inafungasha.

Kwa hiyo Vidin haikosi njia. Inachokosa ni sababu ya mtu kushuka na kubaki. Bila kazi ya kudumu karibu na daraja hilo, sensa ijayo itakuwa na wachache zaidi wa kuhesabu.