Kuchemsha Peke Yake Hakutoshi: Maji ya Arusha na Meno ya Watoto Wetu



Mwezi huu tunaanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tumesimama mbele ya akina mama kwenye kliniki ya watoto na kuwafundisha neno moja tu juu ya maji ya kunywa: chemsha. Neno hilo ni la kweli na wala hatulifuti. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vingewamaliza watoto wengi zaidi kama akina mama wasingalitii. Lakini kwa sisi tunaokaa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, hilo ni nusu ya somo. Nusu ya pili tumechelewa mno kuifundisha.

Mama mmoja alituletea mwanae wa darasa la tatu. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na vishimo vidogovidogo. Shuleni alikuwa amerudishwa nyumbani akapige mswaki. Mama, kwa aibu, akamsugua kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikatoa damu. Akatuambia, "Nesi, mimi si mchafu. Maji yangu nachemsha, tena nayaacha jikoni yachemke mpaka yapungue nusu."

Tulinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa maana kosa lilikuwa letu.

Ndugu msomaji, maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuwa na maadui wa aina mbili. Wa kwanza ni vijidudu, na hao hufa kwa moto au kwa klorini. Wa pili ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, na hayo hayafi kwa sababu hayana uhai. Huku kwetu madini yanayotusumbua ni floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Maji ya mvua yanaposhuka taratibu ndani ya miamba hiyo huyeyusha floraidi, kisha hutokea chini kwenye chemchemi na visima yakiwa meupe, matamu, yasiyo na harufu wala dalili yoyote. Ukiyachemsha, mvuke huondoka na floraidi hubaki sufuriani. Basi hesabu ni nyepesi: lita mbili zenye miligramu 4 kwa kila lita, zikichemka mpaka ikabaki lita moja, lita hiyo ina miligramu 8. Yule mama mwenye bidii alikuwa akimwongezea mwanae sumu bila kujua, na sisi ndio tuliomwelekeza jikoni. Anayetaka kuua vijidudu aache maji yatokote vizuri, kisha aepue. Kuyaacha yakauke si usafi wa ziada.

Klorini inayotiwa na mamlaka ya maji nayo ni ya kuua vijidudu. Haigusi floraidi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji ya mtaa wenu yametiwa dawa, amekujibu nusu ya swali.

Floraidi kidogo si mbaya, hulinda meno yasioze. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania tulikuwa na mpaka wetu. Katika miaka ya 1970 nchi ilikubali kwa muda hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kikawa miligramu 4, na viwango vya mwaka 2018 ndivyo vilivyotushusha hadi 1.5. Hatumlaumu aliyeweka namba hizo za zamani. Mwenye kiu hawezi kuchagua sana. Lakini fikirini jambo hili. Maji ya miligramu 3 yaliyohesabiwa kuwa salama mwaka 2017 hayakubaliki leo, na hali maji ni yaleyale na jino la mtoto ni lilelile. Namba kwenye karatasi hufuata uwezo wa nchi. Jino halisubiri.

Jino la utu uzima huanza kujengwa ndani ya taya miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na kazi hiyo huendelea kwa meno mengi hadi karibu miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ganda gumu la nje la jino hujengwa vibaya. Jino linapoota hutoka na mabaka meupe, na pale ambapo floraidi ni nyingi zaidi huchimbika na kugeuka kahawia. Huo si uchafu, na mkaa, chumvi au mchanga hautausafisha. Walimu wetu wa shule za msingi na wa katekisimu tunawaomba sana: msimwaibishe mtoto kwa meno yake. Tumewaona wasichana wakicheka huku wamefunika mdomo kwa mkono, na vijana waliokwenda kutafuta kazi mbali wakitambuliwa kwa meno kabla hata ya kutaja kwao.

Mtu anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kuumia pia mifupa na viungo. Mgongo hukakamaa, magoti huuma, na mahali penye viwango vikubwa sana mifupa hupinda na mtu akawa mlemavu. Wapo wazee wanaomeza dawa za baridi yabisi mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kuwauliza wamekulia kwenye maji gani. Hata sisi wauguzi hatukuwa tunauliza.

Jingine linalozidisha floraidi ni magadi. Tunajua makande na maharage bila magadi yanachukua kuni nyingi, wala hatutaki kugombana na bibi yeyote jikoni kwake. Hata hivyo, magadi ya sehemu zetu hubeba floraidi yake mwenyewe, na kwa mtoto mdogo yanaongeza mzigo juu ya mzigo. Lowekeni maharage usiku kucha, maji hayo mkayamwage, na chakula cha mtoto kipikwe bila magadi.

Yafaa tuseme pia habari njema. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, uliogharamiwa zaidi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza maji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku. Visima virefu vilichimbwa hata upande wa Wilaya ya Hai, mbali na miamba mibaya ya Meru. Maji yenye floraidi kidogo yakichanganywa na yale yenye nyingi, kiwango hushuka. Ni kazi kubwa, nasi tunaipongeza.

Lakini hapo ndipo tulipo na neno. Mji unaopata maji kutoka vyanzo vingi hauna namba moja ya floraidi. Mtaa mmoja unaweza kupata maji mazuri na jirani yake asipate, na huenda wiki hii yakaja ya chanzo hiki na wiki ijayo ya kile. Kumwambia mama kwamba "maji ya jiji ni salama" hakumsaidii. Anachohitaji ni kujua bomba lake linatoa miligramu ngapi. Maoni yetu ni kwamba namba hiyo iandikwe kwa kila mtaa na ibandikwe ofisini kwa mtendaji, kwenye zahanati na kwenye mbao za matangazo za makanisa na misikiti, kama tunavyobandika ratiba ya chanjo. Tunapolipa ankara tunaambiwa tumetumia uniti ngapi. Basi tuambiwe pia ndani ya uniti hizo mna nini.

Wala tusiwanyoshee kidole wengine tu. Katika hospitali moja ya misheni tuliyotumikia kilichimbwa kisima, kikabarikiwa, tukaimba na kupiga vigelegele. Maji yalipimwa vijidudu, yakawa safi. Floraidi hakuna aliyeuliza. Watoto wa watumishi walikunywa maji yale miaka kadhaa, na meno yao yakatupa majibu ambayo tungeyapata maabara kwa siku chache. Visima vya parokia, vya shule na vya nyumba za watawa ni vingi. Je, vyote vimepimwa?

Wakati tunasubiri, familia ifanye nini? Msikate tamaa kwa kudhani kwamba maji yote ya nyumbani yapaswa kusafishwa. Ya kufua, kuoga na kudekia hayana neno. Yanayohitaji uangalifu ni ya kunywa na kupikia, na kwanza kabisa ya watoto walio chini ya miaka minane. Kwa hao ndoo moja ndogo kwa siku yatosha. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Floraidi hupita kidogo sana katika maziwa ya mama, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Uji wa kumwachisha ndio upikwe kwa maji yaliyochaguliwa.

Maji bora kwa kazi hiyo hutushukia bure. Mvua karibu haina floraidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la kanisa lenye mita za mraba 300, likipata milimita 100 za masika, huweza kutoa karibu lita 30,000, tukiacha yanayopotea. Kwa ndoo ya lita 20 kwa siku, hayo yangetosha familia 50 zenye watoto wadogo kwa mwezi mzima. Tumejenga makanisa mazuri na kuacha maji hayo yakachimbe makorongo. Mvua za kwanza ziachwe zioshe bati, tangi lifunikwe, na maji hayo, ndiyo, yachemshwe kwa ajili ya vijidudu.

Ipo pia njia ya chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi pale Ngurdoto. Wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, wanaokaa katika Bonde la Ufa lilelile, waliianzisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Inafanya kazi, ila mifupa ikichomwa vibaya maji hunuka, na mkaa ukichoka lazima ubadilishwe. Asiye na ujuzi asijichomee nyumbani. Na shabu isitiwe kwa kukisia.

Yule mama ana mtoto mwingine wa miezi minane. Meno ya mkubwa hayatarudi yalivyotakiwa kuwa, ingawa daktari wa meno anaweza kuyafunika yeye akikua. Ya mdogo yanajengwa sasa.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na WAWATA: kabla ya masika, chukueni chupa safi ya plastiki, si ya kioo, isuuzeni mara tatu kwa maji yenyewe, mjaze, mwandike mtaa, chanzo na tarehe, mpeleke maabara ya maji ya Wizara iliyopo Arusha. Ombeni kipimo cha floraidi kwa jina lake. Gharama mkichangishana kwa jumuiya nzima haitamwumiza mtu. Majibu mleteni kwa paroko yabandikwe mlangoni mwa kanisa, hata kama ni ya kisima cha parokia.