Mkongwe na atangulie

Huenda likizo hii wewe na marafiki zako mnapanga kuteremka Pwani kwa magari yenu ya zamani mnayoyaenzi: huyu na Peugeot 504 yake, yule na Datsun. Ni wazo zuri. Lakini kabla hamjachanga pesa za samaki na madafu, kubalianeni jambo moja: nani atatangulia?

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na kufika Malindi mwongeze kama 120. Ni kweli Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka wa 1971 na 1973, nayo Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Sifa hizo zisiwalevye. Dereva wa mashindano hufuatwa na mafundi. Nyinyi mtafuatwa na malori.

Basi gari dhaifu kuliko yote na litangulie, wengine waufuate mwendo wake. Lenye nguvu liwe la mwisho, libebe kamba ya kuvutia, mkanda wa feni na maji. Ondokeni alfajiri, mpumzike Mtito Andei, karibu nusu ya safari. Injini ikichemka, msifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Giza likiwakuta njiani, laleni Voi.

Na yule mwenzenu anayejigamba kwamba atawangojea Mombasa? Mwonyeni leo, mkiwa bado nyumbani. Madafu ya Pwani hayaishi, bwana. Rafiki akiisha, hana spea.